Nieleze Uso wa Mama Yako

Jua lilikuwa linazama mama aliponituma nirudishe bakuli kwa jirani, mzee kipofu aliyekuwa fundi saa zamani.

"Uende na urudi," alisema. "Nyinyi wawili mkianza soga hamjui kunyamaza."

Hakukosea. Nyumbani waliniita Redio. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuna wa rika langu aliyenivumilia. Mzee alinivumilia. Watu walinong'ona kwamba si mtu mzuri. Mimi nikaona ni roho zao mbaya tu. Kila jioni alinikalisha kwenye kigoda, kati ya saa zake mbovu, akaniomba nimweleze kitu kimoja.

Juzi yake nilikuwa nimemweleza paka wa dukani, hadi unywele wa mwisho. Tangu hapo paka sikumwona. Ila kila nikiingia dukani, kitu chenye manyoya kilijisugua miguuni pangu. Nami, mjinga mimi, sikujiuliza.

"Leo nieleze uso wa mama yako, mjukuu wangu," alisema. "Taratibu. Usiruke kitu."

Nikajimwaga. Mwanya. Kishimo cha shavuni. Kovu dogo juu ya jicho la kushoto, la kuanguka kisimani utotoni. Mzee alikuwa anatafuna polepole, na mdomoni hamkuwa na kitu. Chumba kikanuka nywele zilizoungua...

Halafu saa zikaanza kutembea.

Zote.

Nilitoka mbio hata bila kuaga. Mama akanifungulia mlango. Gauni lake. Mikono yake.

Uso hakuna.

Ngozi tupu, laini kama donge la unga uliokandwa. "Mbona unahema hivyo?" ikaniuliza, kwa sauti ya mama. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu ulikuwa umeponza cha mama.

Kesho yake nilimkuta mzee amesimama dirishani, akimtazama mama akianua nguo. Akimtazama, nasema.

"Kovu liko kulia," alisema. "Uliniambia kushoto. Siku nyingine uwe makini."

"Babu, nirudishie," nilinong'ona. "Nakuomba."

"Kilicholiwa hakirudi. Hata mimi nilikuwa na macho mazima, mjukuu wangu, akaja rafiki." Akanipapasa kichwa. Alinipenda kweli mzee yule, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. "Lakini mdogo wako si bado anamwona? Muulize."

Siku tatu nililia. Mama alinibembeleza, nami nikafumba macho nisione kinachonibembeleza. Siku ya nne nikamwita mdogo wangu, mtoto wa miaka sita, nikampakata.

"Hebu niambie," nikamwambia sikioni, "mama ana sura gani?"

Akacheka. Akaanzia kwenye mwanya.

Nikajikuta natafuna.

Sasa mama namwona vizuri. Mdogo wangu hataki kuguswa naye. Akimsikia anakuja, hukimbilia chini ya kitanda, akajikojolea huko huko. Jana mama alikaa sakafuni na sahani ya mtoto mapajani, chakula kimepoa, akilia kimyakimya.

"Nimemfanya nini mwanangu?" aliniuliza.

Nikamwambia watoto wana mambo yao, yatapita. Kisha nikasogea karibu nimtazame. Mama yangu ni mzuri, hata akilia.