Chakula Hakina Kosa

Kila asubuhi Mpishi hukoroga uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Walaji wake ni nzi wa matunda, wanaofugwa ndani ya chupa kwenye maabara ya utafiti. "Nzi wanakula kwa wakati," husema. "Wakubwa hawajui kuwa mtumishi naye ana tumbo."

Siku hiyo alifika amenuna. Mwalimu mkuu wa shule ya binti yake alikuwa amemrudisha mtoto nyumbani. Miguu ya mtoto ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na darasa lilikuwa ghorofani.

"Mama yake alikula ovyo akiwa mjamzito," mwalimu mkuu alisema. "Shule ifanyeje?"

Mama mwenyewe yuko kaburini. Hawezi kujitetea.

Mpishi akagonga chupa mezani, kama kawaida. Nzi wazima wakigongwa huanguka, kisha hupanda juu. Hawa walitapatapa chini. Akashika sufuria amwage uji wote.

"Mzee, unamwaga nini?" akauliza dada fundi wa maabara.

"Sumu yangu. Nimewalemaza."

"Weka chini! Nzi wa chupa ya pili wamekula uji huohuo. Igonge."

Akagonga. Nzi wakapanda mbio.

"Umeona? Ndani ya chembe za mwili mna jeni, maagizo tunayorithi kwa wazazi. Nzi anapoumbika ndani ya yai, jeni huiambia chembe: wewe kuwa neva, mshipa wa fahamu. Jeni nyingine huiongoza neva ikue mpaka ifike kwenye msuli wake. Hawa wa chupa ya kwanza, jeni yao moja ina hitilafu. Neva zimepotea njia, msuli haupati amri."

"Basi na mwanangu ni hivyo? Miguu yake ni dhaifu, na mwalimu mkuu anamlaumu marehemu mama yake kwa chakula."

"Mtoto si nzi, Mzee. Apimwe. Ila anayemlaumu mama bila kipimo anabahatisha."

Hospitalini daktari alipima damu, akakuta hitilafu ya jeni. "Chakula hakina kosa," akasema. "Mama hana kosa. Afanye mazoezi ya viungo, na shule asikose."

Kesho yake Mpishi aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mzee, kwenu hakuna hodi?"

"Hodi nimepiga mpaka nimechoka. Mke wangu hakula ovyo, mwombe radhi. Na darasa lishuke. Mwanangu hawezi kupanda; darasa linaweza kushuka."

"Nikikataa?"

Mpishi akavuta kiti, akakaa. "Tutazeeka wote humu."

Jumatatu darasa lilikuwa chini, na binti alikuwa kwenye dawati la mbele, akisoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Radhi bado haijaombwa. Mpishi huenda kuidai kila Ijumaa.