Manyoya ya Fifi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Novatus alikwenda nyuma ya nyumba kufungua banda la sungura. Alimwekea Fifi majani ya viazi vitamu, akambadilishia maji, akafagia sakafu. Kisha alichuchumaa na kuzungumza naye Kisukuma kwa sauti ya chini. Alimsimulia habari za Lingeka, kijijini kwao: nani atakuwa anachunga leo, mama atakuwa ameamkia shamba lipi. Fifi alitafuna tu, masikio yamesimama.

Fifi alikuwa mweupe mwenye madoa ya kijivu. Ndiyo maana Novatus alimpa jina la pamba ya daraja la pili, ile ambayo wakulima huiita fifi. Lakini moyoni mwake sungura huyo alikuwa daraja la kwanza.

Mjini Bariadi hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Wazazi walimleta kwa shangazi yake, Lucy, ili asome darasa la sita. Shangazi aliuza mitumba sokoni. Biashara huria ilikuwa imefunguliwa, na marobota ya nguo yaliingia mjini kwa wingi kuliko zamani. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni miguu imevimba, akala, akalala. Shuleni nako wenzake walimwita "Mchungaji wa Lingeka", na akipita walilia kama ndama. Novatus aliinua kichwa akapita. Hakulia mbele yao. Alilia bandani.

Mwezi wa Juni, wakati pamba inavunwa, alimpapasa Fifi mgongoni na kubaki na kishungi cha manyoya mkononi. Kesho yake yalitoka mengi zaidi. Yalitanda sakafuni na kunasa kwenye majani.

"Fifi, unaumwa?" aliuliza. Fifi akifa, nani atabaki?

Siku hiyo, wakati wa mapumziko, alijikaza akamfuata Zengo, mtoto wa Mzee Maganga mfugaji.

"Zengo, mnyama akinyonyoka manyoya anaumwa nini?"

Zengo alimtazama, halafu kwa mara ya kwanza hakucheka. "Ng'ombe?"

"Sungura."

"Hao ni wadudu. Ndama wetu wakipata kupe, baba anawapaka dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu shambani. Josho si limekauka? Siku hizi dawa ya josho ni ya kununua, na bei yake haishikiki. Nitakuletea."

Alasiri, baada ya masomo, Zengo alimletea dawa ndani ya chupa ya soda, imezibwa kwa gunzi. "Usimwambie mtu," alisema. "Baba akijua nimechota, atanichuna ngozi. Ukininyamazia, wewe ni rafiki yangu." Wakatembea pamoja hadi njia panda, wakipiga teke kopo tupu kwa zamu. Novatus alifika nyumbani anatabasamu peke yake.

Alilowesha kitambaa, akampaka Fifi mgongo mzima. Harufu ilimchoma puani. "Vumilia," alimwambia. "Rafiki yangu ndiye aliyeleta."

Hakuwa amemaliza hata kufagia uwanja aliposikia kishindo bandani. Fifi alikuwa ameanguka ubavu. Udenda ulimtoka, miguu ilitetemeka, macho yamemtoka. Shangazi alikuwa bado sokoni. Novatus alimfunga kwenye gunia, akakimbia hadi kwa Mama Anyesi, jirani aliyefuga sungura na kuuza. Ndiye aliyemuuzia shangazi sungura huyo.

"Mwadila, mama!" alimsalimu kwa Kisukuma. "Fifi anakufa!"

"Mwadila. Weka hapa. Umempa nini?"

"Majani tu, mama."

"Na mgongoni umempaka nini?"

Novatus alitazama chini. Akilini alimwona Zengo akipiga lile kopo. Aliwaona wenzake wakilia kama ndama, na Zengo yumo tena kati yao.

"Maji," alisema.

Mama Anyesi alisimama wima, mikono kiunoni. "Maji gani yananuka hivi? Sikiliza, mwanangu. Kuna sumu iliyopakwa na kuna sumu iliyomezwa, na kila moja ina tiba yake. Mimi si mganga wa kupiga ramli. Ukinificha, huyu anakufia mikononi. Sema."

Fifi alitetemeka tena, kisha akatulia mno.

"Dawa ya pamba!" Novatus alipiga kelele. "Zengo wa Mzee Maganga ndiye kaniletea. Iko kwenye chupa ya soda, chini ya kitanda changu."

Mama Anyesi hakupoteza muda kwa kugomba. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akamwosha Fifi kwa maji mengi na sabuni, akarudia tena na tena bila kuruhusu povu liingie mdomoni. "Na wewe, nawa! Mpaka viwikoni! Shati hilo vua!" Alimfuta Fifi kwa kanga iliyochakaa, akamlaza kivulini penye hewa. Wakakaa wakimtazama akipumua. Jua lilikuwa linazama Fifi alipojikokota, akaketi.

"Mbona alikuwa ananyonyoka?" Novatus aliuliza.

"Anabadilisha manyoya! Ya zamani yanatoka, mapya yanaota. Tazama." Alipekua kwa kidole. Chini ya vishungi palikuwa na manyoya mafupi, mazito, yanayong'aa. "Hakuwa na mdudu hata mmoja. Alichohitaji ni brashi laini kila siku, kufuata yanavyolala. Usipomchana anajilamba, anayameza, yanaziba tumbo. Kumchana ndiyo kazi, wala si kumpaka dawa."

Jioni ileile Mama Anyesi alikwenda na shangazi Lucy kwa Mzee Maganga, wakairudisha ile chupa na kumwonya aifungie dawa yake. Maana nyumbani kwa Zengo kulikuwa na mdogo wake aliyeanza kutembea na kushika kila kitu.

Shuleni Zengo alimgeuzia mgongo. "Mchongezi," alisema mbele ya wote. Novatus alirudi nyumbani peke yake, akamweka Fifi mapajani na kumchana taratibu kwa brashi ya nguo aliyopewa na shangazi. Manyoya yalitoka, akayakusanya, akayafukia. Hakumsimulia habari za Lingeka. Siku nyingi zilipita hivyo.

Jumamosi moja mlango wa uwani uligongwa. Alikuwa Mama Anyesi, na nyuma yake Zengo, uso umenuna.

"Baba alinichapa," Zengo alisema.

"Najua."

"Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kumwona sungura."

Mama Anyesi alicheka, kisha akawa makini. "Nisikilizeni wote wawili. Dawa ya shamba haipakwi kwenye ngozi ya kiumbe, wala haiwekwi kwenye chupa ya kinywaji. Mzee Maganga sasa ameifungia sandukuni. Zengo, mdogo wako angeweza kuinywa. Na usipojua jambo, uliza anayelijua, si anayekisia. Novatus alisema kweli huku akijua atapoteza rafiki. Angenyamaza, leo tungekuwa tunafukia zaidi ya manyoya."

Zengo aliinama, akamtazama Fifi kwa karibu. "Anaota mapya kweli," alinong'ona. "Yanachanwaje?"

Novatus alimpa brashi, akasogea kidogo ili mwenzake apate pa kuchuchumaa.