Mstari wa Penseli Chini ya Sahihi

Jumatano asubuhi, chembe za raba ya kufutia mezani kwa Darlene Coombs zilikuwa zimelowa. Dirisha lilikuwa limefungwa na dari haikuvuja. Alizifagia, akaendelea na kazi.

Katika nyumba ya mnada alikofanya kazi, yeye ndiye aliyesafisha karatasi za zamani. Wiki ile alikuwa na barua ya rais, iliyoandikwa zaidi ya miaka mia iliyopita, kuhusu mnara wa bandarini wa kuwakumbuka mabaharia waliozama na meli yao. Barua za namna hiyo marais huwaachia makarani. Hii aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Chini ya sahihi, mtu mwingine alikuwa ameongeza mstari wa penseli.

"Futa huo," bosi wake, Floyd, alikuwa amemwambia siku ya Jumanne. "Watu wanataka mkono wa rais, si wa mpita njia."

Wasafishaji wa karatasi wana sheria: piga picha kwanza, ndipo uguse. Lakini saa tisa ilikuwa inakaribia, na Josie, bintiye wa miaka saba, alikuwa akimngoja shuleni. Darlene alifuta bila picha, bila hata kuusoma.

Alhamisi chembe zilikuwa zimerudi, nyeusi, zikinuka makaa ya mawe na maji ya bahari.

"Siku hizi unaogea mezani, Darlene?" Floyd akauliza. Aliinama kutazama, tabasamu lake likatoweka. "Nani anapumua hapa chini?"

Hapakuwa na mtu.

Jioni, nyumbani, Josie alitupa mfuko wake wa chakula mezani. "Mwalimu anasema hujaandika jina langu."

"Nililiandika kwa wino usiotoka."

"Haya, tazama mwenyewe."

Mahali pa jina palikuwa peupe, pana majimaji. Koti vilevile. Darlene akatoa cheti cha kuzaliwa kabatini. Jina lake yeye, la mama, lilikuwepo, na tarehe ilikuwepo. Jina la mtoto lilikuwa ukungu.

Ijumaa alimwita kazini kwake Ilda Fontes, mzee aliyetunza ule mnara, ambaye watu wake walitoka visiwa vya Cape Verde. Ilda alinusa chumba, akakataa kiti.

"Mwanangu, umefuta nini?"

"Mstari wa penseli tu, bibi."

"Huo ndio uliokuwa kaburi lake." Alinong'ona kama aliyeogopa kusikiwa. "Alikuwa mtia makaa katika tanuri la meli ile. Mtu mweusi. Walipochonga majina mnarani, lake waliliruka. Siku ya sherehe ya kuuzindua mnara, mama yake aliomba aione barua, akaandika hapo: 'Na mwanangu,' kisha jina."

"Jina gani? Nitalirudisha sasa hivi."

"Bibi yangu alinifundisha. Nililitaja kila Jumapili nikifagia pale." Ilda alishika ukingo wa meza. "Jumanne mchana likanitoka. Kila nikiamka nalitafuta, hadi leo."

Penseli huacha kovu, kwa hiyo Darlene alilaza taa ubavuni mwa karatasi. "Na mwanangu" ilionekana, imebonyea vizuri. Baada yake karatasi ilikuwa laini kama ngozi ya mtoto.

"Mtoe, bibi, jina la binti yangu linafutika. Omba, fanya unachojua."

"Pepo hutolewa kwa kuitwa jina lake. Huyu nitamwitaje?" Ilda alijifunga kitambaa chake. "Hana ugomvi nawe. Anataka jina la mtoto anayependwa, basi. Ulipofuta lake, uliacha mlango wazi."

Saa tisa Darlene alisimama kwenye lango la shule katikati ya mama wengine waliokuwa wakiita, kila mmoja wa kwake, na watoto wakikimbia kila mmoja akiifuata sauti ya mama yake, mpaka uwanja ukabaki na msichana mmoja mwenye koti jekundu aliyesimama palepale akimtazama, kwa sababu alikuwa amekatazwa kuondoka kabla ya kuitwa, na Darlene akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na kilichokuja ulimini kilikuwa chumvi na makaa.

"Mama," mtoto akasema. "Niite."

Darlene alivuka uwanja mbio akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa. Mtoto alipouvuta ili ajipanguse pua, kiganjani mwa mama yake zilibaki chembe nyeusi, laini, kama za raba.