Skrubu Nne Zilizosimama Wima

Pii. Kimya. Pii. Kimya.

Inspekta Lydie aliisikia sauti hiyo akiwa bado chini, kwenye ngazi za mawe zinazopanda mtaa wa Kadutu, kabla hajaona nyumba wala mtu. Sauti ndogo, kali, isiyochoka. Ilikuwa Jumamosi, karibu saa kumi na moja. Mvua ilikuwa imekoma na udongo mwekundu ulimganda viatuni.

"Njo hiyo, Maman Inspekta," alisema mwanamke aliyempokea langoni. "Tangu saa nane inalia. Kichwa yangu imepasuka pande mbili."

Jina lake Domitille. Alikaanga mandazi kwenye lango la paseli, ua wa nyumba nne zilizobanana mlimani, na hakuna aliyeingia humo bila kupita mbele ya karai lake.

Mbele ya chumba cha mwisho alisimama Cyprien, mwalimu wa hesabu, mikono ikining'inia. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi.

"Wamebeba Barza," alisema.

Lydie aliingia. Chumba kilikuwa na meza, kompyuta iliyozimwa, na rafu nzuri ya mbao. Chini ya rafu kililia kisanduku cheusi: onduleri, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika, na kulia mpaka nguvu iishe. Juu ya rafu palikuwa na mstatili mmoja usio na vumbi.

Barza ilikuwa mtandao wa maandishi mafupi. Cyprien aliujenga miaka minne iliyopita kwa programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuitumia bila kumpigia magoti tajiri wa ng'ambo. Watu mia sita waliandika humo: maji yanatoka mtaa gani, kilio kiko kwa nani, barabara ya Kamituga imekatikia wapi. Kila neno lao lilikaa ndani ya chumba hiki, katika diski moja yenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa.

"Kompyuta wameiacha," alisema Lydie.

"Wameiacha. Na redio wameiacha. Diski tu."

"Mlango?"

"Niliukuta umefungwa. Kufuli iko salama, funguo iko mufukoni yangu. Nilikuwa Lwiro tangu asubuhi, kwa baba-mukwe."

"Basi mwizi ni wewe."

Cyprien hakucheka. Lydie naye hakuwa ametania, wala hakumaanisha. Alitaja tu kilichokuwa mbele ya macho yake. Mume wake alikufa miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo alifanya kazi hivyo: alitazama, akataja, akaandika.

"Diski ina nini cha kuibiwa?"

"Majina." Cyprien alishusha sauti. "Kuna mutu anaandika kwa jina la Nyundo. Ni yeye alionyesha picha za shimo ya dhahabu ya Kamituga, ile ilianguka na watu kumi na wane. Mwenye shimo aliwafukia mule mule, kazi ikaendelea."

"Mwenye shimo ni nani?"

"Polycarpe. Amekula yamini atamupata Nyundo, na yule aliyemupa picha."

"Na Nyundo ni nani?"

"Sijui. Sitaki kujua. Lakini diski inajua. Inafungwa na neno la siri, ni kweli. Ila neno liko kichwani mwangu, na mimi niko na mifupa ya kuvunjika kama kila mutu."

Lydie aliandika. Kisha akauliza kama kuna aliyekuwa na hasira na Barza kwa jambo jingine.

"Hakuna. Diski ilijaa, tukapiga kura: akaunti isiyoandika kitu mwaka muzima itafutwa tarehe kumi na tano. Nilitangaza mbele ya kanisa na kwenye bomba ya maji. Hakuna aliyelalamika. Wenye kunyamaza hawalalamikake."

"Nyundo anaandika bado?"

"Amenyamaza mwaka na siku mbili."

"Naye utamfuta?"

"Naye. Sheria haina mupenzi," alisema Cyprien, na kidevu chake kikainuka kidogo.

Pii. Kimya. Pii.

"Umeme ulikatika saa ngapi?"

"Saa nane kamili," Domitille alijibu kutoka mlangoni. "Sauti ikaanza pale pale."

"Mwalimu, mashine ikiwaka, betri hii inashika muda gani?"

"Dakika arobaini. Haifikake saa moja. Na saa nane Barza ilikuwa inafunguka bado kwenye simu yangu."

Lydie alitazama saa yake. "Inalia karibu saa tatu nzima sasa. Basi mashine ilizimwa mapema. Mwizi aliingia kati ya saa nane na saa nane na dakika arobaini, mchana kweupe, akaizima, ndipo akachomoa diski."

"Mwizi gani anazima mashine vizuri?"

"Anayeogopa kuharibu kilichomo." Alimgeukia Domitille. "Nani alipita langoni saa hizo?"

"Hakuna mutu."

"Una hakika?"

"Maman, mimi nikiwa langoni hata panya inanisalimia."

Lydie alipaka unga wa alama za vidole kwenye kufuli. Alama zote zilikuwa za Cyprien. Ndipo akainama kutazama komeo la chuma lililoshika kufuli hiyo. Lilikazwa kwenye mbao kwa skrubu nne. Ufa wa kila skrubu ulisimama wima, sawasawa, kama mishumaa mbele ya altare.

"Nani alifunga komeo hili?"

"Mimi," alisema Cyprien. "Vibaya. Mikono ya chaki."

"Uliziacha hivi?"

Mwalimu aliinama. Alizitazama moja moja. "Apana. Zangu, kila moja ilikuwa inaangalia kwake."

Basi kufuli haikuguswa kabisa. Mwizi alifungua skrubu, akang'oa komeo na kufuli yake, akaingia, akachukua, akatoka, akalirudisha komeo na kulikaza ili chumba kisibaki wazi kwa wezi wengine.

Ndani ya chumba, onduleri ilitoa mlio mrefu, halafu ikanyamaza.

Jumatatu asubuhi Polycarpe alikuja mwenyewe ofisini. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti la ngozi na sauti ya upole. Alikaa bila kukaribishwa.

"Maman Lydie, nasikia ile kitu imepotea. Nimekuja kusaidia."

"Jumamosi saa nane ulikuwa wapi?"

"Kamituga. Watu mia wananishuhudia."

"Wanaokula kwako."

Alicheka. "Wote wanakulaka kwangu, maman. Ukipata diski, niko na mafundi wa kuifungua. Sitaki kuumiza mutu. Jina moja tu."

"Diski ikipatikana itarudi kwa mwenyewe."

"Sawa. Halafu utaandika PV, ripoti yako ya polisi, utasema nani aliiba na kwa sababu gani." Alisimama, akafunga koti lake. "PV zenu nasomaga kabla procureur wa mashtaka hajazisoma. Wino haijakauka, iko mezani yangu. Kwa hiyo usijichoshe kunikatalia. Nitangoja tu."

Alipotoka, Lydie alikunywa chai iliyokuwa mbele yake. Mdomoni ilikuwa kama maji ya moto tu. Hakukumbuka kama alitia sukari.

Alirudi Kadutu. Domitille alikuwa anageuza mandazi.

"Jumamosi ulisema hakupita mtu."

"Hakupita."

"Hata mtu wa nyumbani?"

"Ah, wa nyumbani!" Domitille alimtazama kama mtoto asiyeelewa somo. "Wa nyumbani haukuuliza. Papa Barthélemy alipita na sanduku yake ya vyombo, kama kila siku. Paseli ni yake, maman. Ule si mutu wa kuhesabu."

Karakana ya Barthélemy ilikuwa mita mia chini, pembeni mwa mtaro. Harufu ya mbao mbichi. Kabati moja, vitanda viwili, majeneza matatu yaliyosimamishwa ukutani. Mzee alikuwa anapiga randa, na maganda ya mbao yalianguka miguuni pake bila haraka.

Lydie hakumsalimia kwanza. Alitazama bawaba za kabati. Alitazama vitanda. Alitazama majeneza. Kila skrubu, ufa wake ulisimama wima.

"Papa Barthélemy, kwa nini zinasimama zote?"

"Ufa ikilala inashika maji na vumbi. Kutu inaanzia pale." Hakuinua macho. "Fundi aliyenifundisha kule Kalehe alinipiga kofi kwa sababu ya moja tu iliyolala."

"Zile za mlango wa Cyprien zinasimama pia."

Randa ilisimama katikati ya ubao.

"Mikono ilifanya yenyewe," alisema mzee.

"Diski iko wapi?"

Alikwenda kwenye jeneza la mwisho, dogo kuliko mengine, akafunua kifuniko. Diski ilikuwa ndani, imefungwa katika kitenge cha buluu.

"Polycarpe alikulipa?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Polycarpe akinipa jeneza yake mwenyewe nitengeneze, sitachukua hata franka."

"Basi ni nini?"

Mzee alifunga mlango wa karakana. Alikaa juu ya kiti ambacho hakijapakwa vanishi.

"Ukiandika, mutoto wangu anakufa."

"Mtoto gani?"

"Steve. Anachimba Kamituga, kwenye mashimo ya yule yule Polycarpe. Ni yeye alipiga picha. Alizileta kwa dada yake hapa."

"Dada yake ni nani?"

"Charlène. Tumemuzika mwaka jana."

Lydie aliacha kuandika.

"Nyundo ni Charlène," alisema.

"Alichukua nyundo yangu kwenye ukuta, akacheka, akasema, Papa, hilo njo jina yangu. Watu wote walifikiri ni muchimbaji." Alipitisha kiganja juu ya goti. "Halafu figo zilikataa. Pale hospitali aliniapisha. Papa, usimwambie mutu, hata Cyprien. Dada akijulikana, kaka anajulikana. Nikaapa."

"Na diski?"

"Mimi sikusoma, maman. Yeye alijua. Kila siku pale kitandani alikuwa anasema ndani ya simu, anaweka kwa akaunti ya Nyundo, kwa siri, ya mimi tu kusikiliza. Aliniachia simu, akaunti iko wazi ndani. Nafinya hapa, anasema. Kila Jumapili, siku ya yenga, baada ya misa, namusikiliza yote. Ya mwisho anauliza kama nimekula."

Nje, pikipiki ilipita. Mzee aliendelea ilipofika mbali.

"Cyprien akasema kwenye bomba: walionyamaza mwaka watafutwa tarehe kumi na tano. Ningemwambia nini? Usifute huyu? Angeuliza sababu gani."

"Ukaiba."

"Mimi nilitengeneza ile rafu. Ni Cyprien mwenyewe alinionyesha: kitufe cha kulaza mashine bila kuiumiza, na diski, akisema maneno ya watu yote iko humu. Nikawaza, nitaificha. Tarehe kumi na tano ikipita, hukumu nayo inapita, nitairudisha. Haiko vile?"

"Haiko vile, Papa. Ingefutwa siku ikirudi."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kipimo cha ubao.

"Na tangu Jumamosi simu haisemi," alisema. "Nafinya, nafinya. Kumbe nimejiibia mwenyewe."

Lydie alichukua diski. Ilikuwa nyepesi. Alipaswa kuhisi jambo, akangoja lije, halikuja. Alimwona tu mzee, na maganda ya mbao kwenye soksi zake, na saa iliyokuwa inakwenda.

"Papa, mwaka huu mzima ulikuwa unasikiliza. Hukuwahi kuandika?"

"Niandike nini? Sijui herufi."

"Kusikiliza hakuhesabiwi. Ni kuandika tu. Ungeandika hata herufi moja, akaunti isingeguswa."

Barthélemy aliinua kidole kimoja.

"Moja?"

"Moja."

"Mimi najua moja tu. Ile nachoraka kwenye mbao, ya kuonyesha pa kukata. Njia mbili zinapishana."

"Hiyo ni X, Papa. Ni herufi."

Mzee aliinamisha kichwa, akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika bila sauti. Lydie alisimama karibu naye. Hakumgusa. Baada ya muda alifungua daftari, akachana ukurasa wenye majina ya Charlène na Steve, akaukunjakunja, akautia ndani ya jiko dogo la gundi lililokuwa linawaka pembeni. Miaka kumi na minane ya kazi, hakuwahi kuchana ukurasa.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Leo Cyprien atapata diski yake. Nitamwambia imeokotwa, anilipe kwa jambo moja: aondoe malalamiko na asiulize. Yeye ni mtu wa kutotaka kujua, atakubali. PV itakuwa na mistari miwili."

"Na Polycarpe?"

"Atasoma mistari miwili."

"Atatafuta tu."

"Atafute. Jioni, Barza ikiwaka, utafinya ile herufi yako. Watu wote wataona Nyundo ameandika. Polycarpe naye ataona. Atamtafuta mtu aliye hai, Papa. Makaburini hatakwenda, na kwa Steve hatafika."

Barthélemy alifuta uso kwa kiganja chenye unga wa mbao. Alitoa simu mfukoni, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, akaishika mbele yake kama anayeomba aonyeshwe.

"Nikisahau pa kufinya?"

Lydie aliifunga diski tena katika kitenge, akaikumbatia kifuani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa na mkwaruzo ambao yeye mwenyewe hakuutambua.

"Nitakuja, Papa Barthélemy. Kila mwezi, siku ya yenga, baada ya misa, nitakaa hapa tuandike pamoja. Na jina la mtoto wako halitatoka kwenye kalamu yangu, hata wakinivua hii kazi. Nakuahidi."