Muziki wa Saa Kumi

Nyumbani kwa mzee Mabula, katika kijiji kimoja karibu na Masumbwe, redio haikuguswa ovyo. Ilikaa chumbani mwake juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mkewe. Kila jioni baada ya chakula Mabula aliitoa uani, akaitia betri zake nne na kufungulia taarifa ya habari. Majirani walikuja na vigoda vyao. Baada ya habari yalifuata matangazo ya vifo, na hapo hata watoto walinyamaza. Watu wengi wa kijiji kile walikuwa wamehamia kutoka Maswa na Kwimba, na barua ya kutoka huko ilichukua mwezi. Mtu akifiwa, redio ndiyo iliyomwita. Matangazo yakiisha, Mabula alizitoa betri, na asubuhi mkewe alizianika juu ya jiwe, kwa kuwa jua liliziongezea nguvu kidogo.

Mwaka ule wa 1983 betri zilikuwa adimu kama sabuni. Mzee Velji, mwenye duka pale Masumbwe, alipata katoni moja tu baada ya miezi minne. Aliifungua mbele ya watu waliopanga foleni, akawauzia betri nne nne. Mabula alipata. Stanslaus, katibu wa chama cha ushirika, mwenye redio nyingine pekee kijijini, alifika zimekwisha. Kwa hiyo kijiji kizima kilitegemea redio moja.

Nyamizi, binti wa kwanza wa Mabula, alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alisoma darasa la sita. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Akitoka shule alikuta nyumba tupu, wazazi wako shambani hadi jua lizame. Alichota maji, akafagia uwanja, akapika.

Siku moja, kama saa kumi hivi, aliitoa redio, akaitia betri, ili asikilize nyimbo za dansi wakati anachambua mlenda. Alizungusha kitufe, akaipita stesheni aliyoizoea. Ukasikika mvumo, kisha mtu akisema maneno ya lugha ngeni, kisha kishindo. Nyamizi alidhani redio imeharibika. Alipeleka mkono aizime.

Mkono ukabaki hewani. Chini ya kishindo kile kulikuwa na sauti nzito zikitembea, zikitembea, kama ng'ombe wanaotelemka lamboni kunywa maji wakati wa kiangazi. Juu yake zikaja sauti nyembamba zikikimbizana. Mara ngoma kubwa ikadunda, matarumbeta yakalia, na kila kitu kikaenda mbio kuelekea mahali ambapo yeye hakupajua. Hakuna aliyeimba hata neno moja. Muziki ulipokoma, mlenda ulikuwa umemwagika miguuni.

Kesho yake alimfuata mwalimu Onesmo, aliyewafundisha nyimbo shuleni.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna muziki usio na mwimbaji? Ulio kama mvua ya mawe juu ya bati?"

"Marahaba. Umesikia okestra wewe," mwalimu akacheka. "Chuoni tulikuwa na santuri mbili za namna hiyo. Watu hufika hata themanini, kila mmoja na ala yake: fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma. Mbele yao husimama mtu mwenye kifimbo."

"Anawachapa?"

"Hapana! Anawaongoza."

"Lakini sielewi, mwalimu. Sauti zote zinanijia kwa pamoja."

"Kila anayeanza yuko hivyo. Usijaribu kuzishika zote. Chagua sauti moja tu, labda zile fidla nzito za chini, uifuate kama unavyomfuata ndama wako aliyechanganyika na ng'ombe wa watu. Siku nyingine fuata sauti nyingine." Kisha akamtazama. "Baba yako anakuruhusu kufungua redio?"

"Ananiruhusu," Nyamizi akajibu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Tangu siku hiyo hakukosa. Siku ya kwanza alizifuata fidla nzito, zikampotea katikati. Siku ya tatu alizifuata mpaka mwisho bila kuzipoteza, akaruka peke yake jikoni kwa furaha. Alijifunza kuwa filimbi ikiuliza jambo, fidla hulijibu. Alijifunza kuwa kimya kifupi kabla ya kishindo nacho ni sehemu ya muziki. Shuleni alijaribu kuwasimulia wenzake, wakamcheka.

"Muziki usio na maneno!" alisema Ghati, jirani yake wa dawati. "Sasa utauchezaje, kwa masikio? Mwacheni huyu, ataposwa na tarumbeta."

Wasichana wakacheka hadi wakashikana mabega. Nyamizi naye akacheka. Nyumbani, kabla ya baba kurudi, alizianika betri juu ya jiwe hadi zipate moto, ili jioni redio isisikike dhaifu.

Wiki ya tatu jua halikusaidia tena. Jioni ya Jumamosi redio ilikoroma mara mbili, ikanyamaza. Mabula aliigonga, akazipangua betri na kuzipanga upya, akaiweka sikioni. Hakuna kitu.

"Betri za safari hii ni za namna gani?" alisema. Majirani wakabeba vigoda vyao, wakaondoka. Nyamizi aliosha sufuria moja mara tatu. Alitaka kusema. Akajiambia kwamba ni betri tu, na katoni nyingine italetwa.

Alhamisi mchana alifika Makoye, binamu wa Mabula aliyeishi Kalangalala, Geita. Aliegemeza baiskeli ukutani, akamwona Mabula akishusha gunia la pamba, akasimama kama aliyeona mzimu.

"Mabula! Kumbe upo? Nilipita kumpa pole mama watoto tu. Nilijua wewe umeshakwenda."

"Kwenda wapi? Pole ya nini?"

Makoye akavua kofia. "Hamkusikia? Tangu Jumatatu redio inakuita kwa jina lako. Mama amefariki, Mabula. Walimzika jana asubuhi."

Mabula hakulia. Alikaa chini papo hapo, mgongo kwenye gunia, akawa anaokota vipande vya pamba vilivyomwagika na kuvirudisha kimoja kimoja. Mkewe ndiye aliyepiga yowe. Nyamizi alisimama mlangoni. Bibi yake aliyemlea hadi miaka sita alikuwa ameshafukiwa, na baba yake hakutupa hata konzi ya udongo kaburini.

Baadaye Mabula akainuka. "Velji!" alisema. "Velji ameniuzia betri mbovu. Nzuri amezificha. Nyamizi, beba hiyo redio unifuate."

Walikwenda hadi Masumbwe, binti na redio kichwani. Mwaka huo serikali ilikuwa ikiwasaka walanguzi kila mahali, na neno hilo moja lilitosha kumfikisha mtu polisi.

"Mwadila, Baba Nyamizi. Karibu," alisalimu mzee Velji kwa Kisukuma kutoka nyuma ya meza ya duka.

"Sikuja kukaribishwa! Betri zako hazikumaliza hata mwezi. Mama yangu amezikwa mimi nikichuma pamba!"

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini katoni niliifungua mbele yenu. Redio yangu mwenyewe haina betri."

"Mlanguzi huyo!" akasema mmoja wa watu waliokuwa barazani. "Aitwe mgambo!"

"Aitwe! Waingie na ndani wapekue!" akadakia mwingine.

Mabula alimkamata Velji mkono, akamvuta nje. Mzee yule alijikwaa kizingitini, ndara moja ikabaki ndani. Hakujitetea tena.

"Baba, mwache!" Nyamizi aliishusha redio chini. "Betri zilikuwa nzima. Nimezimaliza mimi."

Mabula akamgeukia.

"Umezimaliza kwa nini?"

"Nilikuwa nasikiliza muziki. Kila siku, mkiwa shambani."

"Muziki gani?"

"Sijui jina lake, baba."

Mabula aliuachia mkono wa Velji. Nyamizi alingoja kupigwa, hata alitamani apigwe. Baba yake hakumgusa. Aliingia dukani, akaichukua ile ndara, akainama, akaiweka mbele ya mguu wa yule mzee.

"Nisamehe," alisema. "Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Una msiba," Velji akajibu, akiivaa ndara yake. "Lakini mtoto huyu angenyamaza kidogo tu, leo ningelala ndani."

Kesho yake Mabula na Nyamizi walidandia lori la pamba kwenda Shinyanga, wapate basi la Maswa. Walipokaribia Kahama baba aliuliza, bila kugeuza uso, "Huo muziki ulikuwaje?"

Nyamizi alijaribu. Alisimulia fidla na matarumbeta, na watu themanini wanaomtazama mtu mmoja. Mabula alisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniomba," alisema. "Ningekupa siku yako moja kila wiki. Labda ningekaa nisikilize nami."

Hapo ndipo Nyamizi alipolia, kwa kuwa alijua baba yake hasemi uongo.

Huko Maswa walipokelewa na shangazi Limi, dada mkubwa wa Mabula. Hakumsalimu mdogo wake.

"Sasa umekuja kugawana ng'ombe? Siku mbili tulimweka mama tukikungoja. Redio ilikuita mara nne. Mtoto wa kiume gani wewe?"

Mabula aliinamisha kichwa mbele ya waombolezaji, akaipokea aibu ile kimya. Huko hakuna aliyeyajua mambo ya Masumbwe. Nyamizi angeweza kukaa nyuma yake hadi msiba uishe.

"Shangazi, si baba," alisema, akapiga magoti. "Ni mimi niliyezimaliza betri za redio, nikaficha. Baba hakusikia akiitwa."

Kisha Mabula akasema, kwa sauti ambayo watoto wote waliokaa mkekani waliisikia:

"Wanangu, muziki haukuwa na kosa. Mtoto kutaka kujua jambo jipya si kosa. Redio ile ilikuwa sikio la watu wote, naye alilitumia peke yake kwa siri. Juzi ukweli wake ulimwokoa mzee wa watu, na leo umeniosha uso mbele ya dada yangu. Lakini ukweli niliouhitaji ni wa siku ya kwanza, na huo haukusemwa. Mkitaka kitu, ombeni. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Ukweli uliochelewa huponya baadhi tu ya mambo. Mengine yanakuwa yamekwisha kuzikwa."

Shangazi Limi alimshika mdogo wake mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa kaburi ambao bado ulikuwa mbichi.