Kidole cha Mwisho cha Mguu wa Kushoto

Mlango uliofungwa, si kinga kwa wa nyumbani,
Na pepo asiyechungwa, huhamia kwa jirani.

Harufu ya udongo wa kaburi ilizuka sebuleni kwa Mzee Zalman, mtaani Richardson huko ughaibuni, alasiri kweupe ya mwaka 1998.

Jeptoo, mlezi wake kutoka Kapsabet, aliinusa akajua kosa ni lake. Kila siku mzee alitazama kanda ileile ya video: filamu ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwao Polandi, iliyopigwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Bibi harusi huingiwa na dibuki, roho ya maiti isiyo na makao. Wazee kumi humzunguka kitini, hupuliza pembe ya kondoo, na dibuki humtoka bibi harusi kupitia kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto.

"Usiizime kabla hajatoka, binti," Zalman huonya.

"Mzee, huyo alipomaliza kuigiza alikwenda zake kunywa chai," Jeptoo humtania.

Leo saa ya dawa iligonga, naye, asiyechelewesha dawa hata dakika, akaizima kanda pembe ikiwa bado mdomoni, dibuki hajatoka.

"Meza, mzee wangu."

"Miaka sitini nimeketi ndani ya msichana wa picha," kilisema kinywa cha Zalman kwa sauti ya kijana. "Huyu ana joto."

Jeptoo alikimbilia mlangoni, peku, kwani viatu aliviacha kizingitini kama alivyolelewa. Ufunguo ulizunguka, mlango haukusogea. Aliinua simu; ilimhemea sikioni.

"Yesu wangu," alinong'ona.

"Omba, dada. Mimi pia nilikuwa mtu wa kuomba."

Midomo ya mzee iligeuka buluu. Jeptoo alikielekeza kiti cha magurudumu cha mzee kwenye televisheni, akapiga magoti mbele ya miguu yake, akaiwasha kanda. Na wale wazee kumi, walipokiona kiti cha bibi harusi kitupu, wakageuka taratibu, wakamkazia macho Zalman kupitia kioo, wakapuliza pembe hadi vikombe vikatetemeka kabatini, hadi harufu ikamjaa Jeptoo kooni, hadi kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto wa mzee kikachuruzika damu.



"Binti," Zalman aliita kwa sauti yake mwenyewe, kisha akasinzia.

Jeptoo aliinuka aende mlangoni. Mguu wa kushoto ulikataa. Aliutazama: kwenye kidole chake cha mwisho, tone jekundu.

Kiooni wazee waliketi mmoja mmoja, na kanda ikaisha. Zalman alikoroma kitini. Aliyebaki amesimama alikuwa Jeptoo, na ndani yake yule asiye na makao.