Chupa Namba Kumi na Saba

Ujumbe uliingia saa sita kasoro dakika kumi.

"Meza ya nne. Agiza kila kitu."

Sindano aliusoma mara moja, akaufuta, akavuka barabara bila kukimbia. Mtu anayekimbilia mgahawani hukumbukwa, na yeye alilipwa ili asikumbukwe. Mgahawa ulikuwa umebanwa kati ya fundi simu na dobi. Meza tisa. Kila meza ina jiko lake dogo la gesi katikati, na juu yake bomba la kuvuta moshi. Mlango mmoja wa mbele. Mwingine wa jikoni, unaotokea uchochoroni. Alishahesabu vyote hivyo kabla hajavuta kiti.

Hereni ya sikio la kushoto ilikwaruza.

"Umeketi?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Mkuu, bosi wake. Alikuwa ndani ya Hilux mitaa miwili kutoka pale, pamoja na vijana watatu wenye silaha.

"Nimeketi."

"Karani amezungumza. Kidogo tu."

Karani alikuwa mtu wao wenyewe, mtunza kumbukumbu wa idara, mpole kupindukia, aliyewamiminia wenzake chai kwa miaka kumi na mmoja. Juzi alinakili orodha ya watoa habari wote wa siri wa idara. Watu arobaini na mmoja, majina yao na nyumba wanazolala. Aliiweka kwenye kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha wa kidole kidogo, kisha akaifuta orodha ya asili, ili mnunuzi awe na kitu ambacho hata idara haina.

"Amesema nini?"

"Iko kwa Mkorea. Basi, akafunga mdomo. Mnunuzi anaichukua hapo kabla ya saa nane. Saa tisa anapanda ndege. Sura yake hatuijui. Ukimgusa mtu asiye yeye, mwenyewe atayeyuka."

"Na kadi?"

"Ndiyo nakala pekee iliyobaki. Niletee nzima."

Namba ishirini na tisa kwenye orodha hiyo ilikuwa mdogo wake.

Mdogo wake wa tumbo moja. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, na alikuwa mtunza stoo kwenye bohari la watu waliokuwa wakiingiza bunduki ndani ya makasha ya vipuri. Sindano mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini, miaka miwili nyuma, wakiwa wanakunja nguo kitandani. Ni kuhesabu makasha tu, alimwambia, hakuna atakayejua. Mkuu aliijua namba, hakuujua undugu. Kadi ile ikipanda ndege, kabla jua halijazama wenye bohari wangejua ni nani amekuwa akiwahesabia makasha yao. Sindano aliogopa. Si woga wa kikazi unaotulizwa kwa kuvuta pumzi, ni ule wa tumboni.

Na tumbo hilohilo ndilo lililotakiwa kula.

Hapakuwa na namna nyingine. Saa za mchana foleni ilifika mlangoni, na mtu wa soda moja alinyanyuliwa kwa tabasamu ndani ya dakika kumi. Mwenye mgahawa, ambaye wateja walimwita Mama Kabichi, alikuwa ametoka Korea miaka ishirini iliyopita na Kiswahili alifundishwa na wauza mboga, kwa hiyo hata akikusalimu ulihisi anakushusha bei. Sindano alipomwambia anataka kuonja kila kitu, mama huyo alimtazama kwa heshima mpya.

Vilianza kuja visahani vidogo vinane ambavyo hakuna aliyeviagiza. Vitatu vilikuwa vya kimchi, kabichi ileile kwa umri tofauti: ya leo, ya wiki moja na ya miezi miwili. Mama Kabichi alisimama juu yake, mkono kiunoni, akaamuru afuate mpangilio, asiruke. Ya kwanza ilivunjika menoni kama kachumbari. Ya pili iliuchoma ulimi kwa vipovu, kama soda. Ya tatu ilikuwa chachu ya kumfumba mtu jicho moja.

"Hii ya pili ina nini?" Sindano aliuliza.

"Iko hai. Inapumua." Mama Kabichi alielekeza kidole kwenye rafu kando ya kaunta. Chupa za mdomo mpana zipatazo thelathini, nyekundu tupu ndani, kila moja na utepe wenye namba. Ni za wateja, alieleza, wanaziacha ziive. Kila siku lazima azilegeze vifuniko zitoe hewa. Akisahau, zinalipuka.

Neno la mwisho lilimfanya Sindano aitazame rafu mara mbili. Kisha akarudi kwenye nyuso.

Saa saba.

Alikwishapapasa chini ya meza yake na chini ya viti vitatu vya jirani. Hakuna kitu. Saa ya Casio mkononi mwake ilikuwa na kifaa cha kunusa vyombo vya umeme, na kwa nusu saa nzima ilikuwa ikitetemeka bila kupumzika, maana kila mtu mle ndani alikuwa na simu. Mafundi wa idara hawakuwa wamelifikiria hilo. Mafundi wa idara hula ofisini.

Ikaja tokboki, vipande vinene vya unga wa mchele vikiogelea kwenye mchuzi mwekundu. Alikula viwili. Machozi yakamtoka.

"Kwa nini unapumua hivyo?" Mkuu aliuliza.

"Pilipili."

"Mtu yeyote?"

"Meza ya saba. Suti. Ana mkoba katikati ya miguu. Chakula hajagusa. Anatazama mlango."

"Tunaingia."

"Subiri."

"Sindano, muda unakwenda."

"Nimesema subiri."

Dakika tatu baadaye mwanamke mmoja aliingia na kuketi mbele ya mwenye suti. Mkoba ukafunguliwa. Zikatoka fomu na kalamu mbili. Jamaa alikuwa akiuza bima. Sindano alishusha pumzi na kuvuta kwake bakuli la mawe la bibimbap, wali ukiendelea kukaangika chini, na akajilazimisha kumeza. Kando yake, vipande vyembamba vya nyama vilichomeka polepole juu ya jiko.

Saa saba na dakika thelathini na tano.

Akaingia mzee mmoja, kofia kichwani, mkongojo mkononi. Foleni ilimpisha bila kuambiwa. Alipokuwa akipita meza ya nne, Sindano alijikuta amemwamkia kabla hata ya kufikiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kula, kula."

Mzee akaenda kaunta, nyuma ya muuguzi aliyefuata chupa yake. Mama Kabichi alilegeza kifuniko cha ile ya muuguzi na hewa ikatoka kwa mlio mrefu, fsss, akakaza, akafunga kwenye mfuko. Muuguzi akaaga. Mzee akatoa kikaratasi. Namba kumi na saba.

Mama Kabichi akalegeza kifuniko.

Kimya.

Akaitikisa, akalegeza tena. Kimya kilekile. Sasa akafungua kabisa, akachomoa jani moja kwa vijiti, akaonja. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyetukanwa.

"Hii si yangu," alisema. "Hii siki."

"Haidhuru, mama. Nipe tu."

"Imekufa. Nakupa nyingine, nzuri, ya wiki mbili. Bure."

"Naitaka hiyohiyo."

"Mzee, utaharibu tumbo. Watu watasema ni mimi nimepika."

"Nimesema hiyo."

Sindano aliacha kutafuna.

Nani duniani apewe kizuri cha bure, ang'ang'anie kibovu? Akayaona yote kwa mpigo. Karani alidhani kimchi ni achari tu. Alikata kabichi kwake, akaipaka pilipili, akaimwagia siki, akaficha kadi katikati, kisha akaja hapa kama mteja na kubadilisha chupa rafuni. Mtu aliyezijua siri za watu arobaini na mmoja hakujua kabichi inavyoiva.

"Mkongojo," Sindano alinong'ona. "Kaunta. Zibeni mlango wa nyuma."

"Dakika mbili."

Mama Kabichi alikuwa ameikumbatia chupa kifuani. Si kwamba alijua lolote, alikuwa akilinda jina lake. Tabasamu la mzee likakauka. Aliinua mkongojo taratibu, akausukuma mpira wa nchani kwa kidole gumba, na mpira ukadondoka sakafuni. Nyuma yake palikuwa na tundu la chuma. Tundu hilo lilitazama tumbo la Mama Kabichi.

"Tafadhali, mama," mzee alisema kwa upole.

Dakika mbili za Mkuu zilikuwa nyingi mno. Kiunoni Sindano alikuwa na bastola, Glock 19, lakini upande wa pili wa yule mzee kulikuwa na foleni ya watu kumi na mbili. Hakuigusa. Alinyanyuka na sahani ya tokboki kama mtu anayekwenda kulalamika, akapiga hatua tatu, akaita.

"Mzee."

Mzee aligeuka. Mchuzi wote ulimpata machoni.

Teke moja likaurusha mkongojo juu. Mlio mkali. Bomba la moshi la meza ya pili likatoboka, watu wakalala chini. Sindano alimkata mzee miguu, akamgeuza kifudifudi, goti mgongoni, na kijiti cha chuma cha kulia kikatulia kwenye shimo la chini ya sikio.

"Tulia, mzee. Usijiumize."

Akatulia.

"Nini hiyo?" Mkuu alikuwa akipiga kelele. "Sindano!"

"Yuko chini. Yuko hai."

"Kadi?"

Alimfunga mzee mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Mama Kabichi bado alikuwa ameikumbatia chupa. Akaisalimisha bila ubishi, ila aliuliza, na kwa hasira, ni mshenzi gani aliyetia siki. Sindano aliahidi kumpelekea salamu. Akaimwaga kabichi kwenye sinia na kuichambua kwa vidole. Katikati kulikuwa na kifuko cha plastiki. Ndani ya kifuko, kadi.

Alirudi nayo meza ya nne.

Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia. Aliwazia itakavyorudi idarani, kwenye droo ileile. Atakuja karani mwingine, mpole, mwenye kumimina chai. Kila ofisa alikuwa na watu wake kichwani, na huko ndiko walikotakiwa kubaki. Siku aliyompeleka Kitinda kwenye ile orodha aliambiwa ni mahali salama kuliko pote.

Akaiweka kadi juu ya wavu wa jiko, kati ya vipande viwili vya nyama, akaongeza moto.

"Nimesikia kitu kinapasuka," Mkuu alisema.

"Nyama, Mkuu."

Hereni ilikwaruza.

"Nilikwambia nzima."

"Ndiyo, Mkuu."

"Kesho utasimama mbele ya watu watano wenye vyeo vikubwa kuliko mimi. Sitakutetea."

"Sawa, Mkuu."

Alisubiri mpaka ikawa donge jeusi. Ndipo alipovua hereni, akaiacha kwenye sahani tupu, akafuta midomo na kutoka. Mlangoni alipishana na vijana watatu waliokuwa wakihema. Hakupunguza mwendo. Alipofika mbele ya dobi alipiga simu.

"Dada, niko kazini," Kitinda alijibu kwa sauti ya chini.

"Najua. Chukua mkoba wako, toka. Usimuage mtu. Ile kazi imeisha."

"Wamejua?"

"Hakuna aliyejua. Jina lako halipo tena popote."

Ukasikika mlango wa chuma ukifungwa, kisha hatua, kisha kelele za barabara.

"Miaka miwili nalala na viatu miguuni, Dada. Sikutaka kukwambia."

Sindano alisimama katikati ya njia, watu wakimkwepa huku na huku.

"Leo vivue," alisema.

Akakata simu, akafuta macho kwa kiganja chenye pilipili, akalaani, kisha akaendelea na safari.